Asiyekuwapo na Lake Halipo

Juma hili twataka kusema na vijana wetu walioko vyuo vikuu, pamoja na wazazi wao, juu ya jambo ambalo kwa kawaida halisikiki katika mikutano ya matawi. Jambo lenyewe ni kazi ya usaidizi wa utafiti katika maabara za saikolojia na za sayansi ya ubongo. Wako watakaouliza: Je, hilo nalo ni jambo la Chama? Bei ya pamba ni jambo la Chama, maji ya kijiji ni jambo la Chama, lakini maabara za maprofesa zatuhusu nini? Twajibu kwamba zatuhusu sana, na sababu zetu ni hizi.

Turudi kwanza mwaka 1954. Siku ya Saba Saba ya mwaka ule TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Mwaka huo huo, huko Nairobi, Serikali ya kikoloni ilipiga chapa kijitabu cha Dokta J. C. Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau. Bwana huyo alikuwa ameongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa miaka mingi, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Alisema nini? Alisema Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba mwenendo wake wafanana na wa Mzungu ambaye madaktari wamemkata mishipa ya sehemu hiyo. Watu walionyang'anywa ardhi waliposhika silaha, yeye alitafuta sababu kubwa ndani ya nafsi zao. Kabla yake, mwaka 1934, F. W. Vint wa maabara ya Serikali ya Nairobi alikuwa amepima bongo za maiti za Waafrika na kutangaza kwamba gamba la ubongo wao ni jembamba kuliko la Wazungu.

Ndugu wasomaji, maneno hayo hayakusemwa na mlevi kilabuni. Yalisemwa kwa jina la sayansi, yakapigwa chapa, yakasomwa na maofisa waliokuwa na mamlaka ya kufunga watu na kuwafungua. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyepigania uhuru wa Aljeria, aliyajibu waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1961. Lakini sisi twauliza swali moja tu. Siku zile za kupima, nani alikuwamo chumbani? Mwafrika alikuwamo kama maiti, na alikuwamo kama mgonjwa. Kama mpimaji hakuwamo. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo, na hapa yalitimia.

Sasa tazameni upande wa pili, mahali ambapo watu wetu walikuwamo. Mwaka huo huo wa 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Dokta Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa njia mpya. Badala ya kuwafungia nyuma ya ukuta, aliwaweka katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakawa wanakuja hospitali kutibiwa na kurudi kijijini. Alijua mgonjwa wa Kiyoruba si mtu wa peke yake, ana ukoo nyuma yake. Kazi yake ilisifiwa duniani, na baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile lile la Afya Duniani.

Na mwaka huo huo tena, Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za serikali, ilitaja katika hukumu yake kazi ya Kenneth Clark, mwanasaikolojia mweusi. Yeye na mkewe Mamie walikuwa wamewaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi, wakaona jinsi ubaguzi ulivyomfundisha mtoto kudharau rangi yake mwenyewe. Walitoka wapi watu hawa? Wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Mkuu wa saikolojia hapo alikuwa Francis Cecil Sumner, Mwamerika Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika saikolojia, mwaka 1920. Mtu mmoja aliingia, akawafungulia wengine mlango, na miaka 34 baadaye matunda yake yakaonekana mahakamani. Basi habari ya nani anaingia maabara akiwa kijana si habari ndogo.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Ni kweli kwamba leo hakuna mwanasayansi mwenye heshima anayeyarudia maneno ya Carothers. Lakini mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha hesabu ya majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani kwa miaka ya 2003 hadi 2007. Aliona kwamba watu waliopimwa katika tafiti hizo, 96 katika kila 100, walitoka nchi za Magharibi, ambazo wakazi wake ni kama 12 tu katika kila 100 ya watu wa dunia. Yaani vitabu vyasema „binadamu hufikiri hivi” na „mtoto hukua hivi”, nao wamewatazama watu wa pembe moja ya dunia, na wengi wao ni wanafunzi wa chuo kilicho karibu na ofisi ya profesa.

Sisi tuliosomea ualimu twalijua jambo hili kwa mwili wetu. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto kwa habari za watoto wa Geneva, tena baadhi yao ni watoto watatu wa kuzaa wa Bwana Jean Piaget mwenyewe. Elimu ile ni nzuri, hatuikatai. Lakini tulipoingia darasani tukakuta watoto sabini waliotoka kuchunga na kuchota maji, wanaoongea lugha moja nyumbani na nyingine shuleni, kitabu hakikuwa na neno la kutuambia juu yao.

Na kipimo kikikosewa, mtoto ndiye anayeonekana mjinga. Robert Serpell aliwahi kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1979. Walipoambiwa waige umbo kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Walipopewa waya, ambao watoto wa kwetu hutengenezea magari ya kuchezea, wale wa Zambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Kama mpimaji angekuja na karatasi peke yake, angerudi kwao na habari gani juu yetu? Bagamoyo nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watoto wa shule walipewa mitihani ya akili, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi tu namna ya kuikabili, na alama zao zikapanda. Akili ilikuwapo tangu mwanzo, ila mtihani ulikuwa haujaiona.

Hapo ndipo twafika kwa msaidizi wa utafiti. Wazazi wengi hawaelewi kijana akisema anafanya kazi katika maabara ya saikolojia, maana wao wajua maabara ni mahali pa kupima damu na choo. Tueleze. Msaidizi huwaita watu watakaopimwa, huwasomea karatasi ya ridhaa na kuhakikisha wameielewa, huwaendeshea jaribio, huandika majibu na kuyaingiza katika kompyuta. Pengine hutazama filamu ya mama na mtoto wake na kuandika kila mara mtoto alipogeuka, alipocheka, alipolia. Katika maabara za ubongo huwavalisha watu kofia yenye vibati vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Au hutunza panya, hukata vipande vyembamba vya ubongo na kuhesabu seli kwa darubini. Ni kazi ya uvumilivu na yachosha. Lakini ndiyo mahali ambapo kijana hujifunza mambo yasiyomo katika mihadhara: swali huulizwaje, kosa huingiaje, na ni nini kinachoweza kusemwa na kisichoweza kusemwa kutokana na namba zilizopatikana.

Tena msaidizi anayetoka kwetu huona ambalo profesa halioni. Kofia hizo za kunasa umeme zilitengenezwa kwa kufikiria nywele laini. Nywele za kipilipili huvisukuma vibati mbali na ngozi, kipimo kikaharibika, na mwenye nywele hizo akaachwa nje ya utafiti. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Arnelle Etienne, dada mweusi aliyekuwa bado katika shahada ya kwanza, aliingia katika kazi ya Profesa Pulkit Grover na kulishughulikia jambo hili. Dawa yake ilikuwa kusuka. Nywele husukwa mistari, mtindo ule ambao dada zetu huuita twende kilioni, ngozi ikaonekana kati ya mstari na mstari, na vibati vya namna mpya vikabanwa na misuko yenyewe. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Miaka mingi mashine hizo zimetumika na maprofesa wakubwa. Aliyeleta jibu ni mwanafunzi aliyejua kusuka.

Basi, kama kazi hii ina faida kubwa hivyo, kwa nini watoto wa wakulima na wafanyakazi ni wachache ndani yake? Sababu kubwa ni fedha. Huko Marekani, ambako desturi hii imeenea sana, nafasi nyingi za wanafunzi katika maabara za saikolojia hazina mshahara. Mwanafunzi hutoa yapata saa kumi kila juma, kwa muhula mmoja au miwili, kwa kujitolea. Pengine hupewa alama za masomo badala ya fedha, na kwa kuwa alama hizo hulipiwa ada, yuko mtu anayelipa ili afanye kazi! Mtoto wa tajiri aweza. Yule ambaye jioni lazima aoshe vyombo katika mkahawa apate nauli na kodi ya chumba, hawezi. Kisha wote wawili huomba shahada ya juu, nao huulizwa: „Umefanya utafiti gani? Profesa gani atakuandikia barua?” Mmoja ana jibu, mwingine hana. Hapo husemwa kwamba wa kwanza ana kipaji zaidi. Sisi twasema alikuwa na nafasi zaidi, na nafasi si kipaji.

Tena kwa kijana wetu aliyeko Marekani kwa viza ya masomo kuna vizuizi vingine, afadhali avijue mapema. Muhula ukiendelea haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara chuoni kupita saa 20 kwa juma. Na ile mipango mikubwa ya likizo inayolipwa na mfuko wa sayansi wa serikali kuu ya huko ni ya raia na wakazi wa kudumu tu. Asipoteze muda kuiomba, bali atafute fedha za chuo chenyewe. Ziko. Chuo cha MIT, kwa mfano, kilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa, na mwanafunzi aweza kulipwa.

Tukirudi nyumbani, tusijidanganye kwamba ubaya ni wa wageni peke yao. Tumewaona wasomi wa kwetu wanaopata fedha za utafiti kutoka nje, wakawatuma wanafunzi vijijini na hojaji mia kwa nauli ya basi na soda. Mwanafunzi haelezwi utafiti unatafuta nini, jina lake halitajwi, na matokeo hayaoni. Matokeo yake ni nini? Kijana akiwa na njaa hukaa chini ya mwembe akazijaza hojaji zote mwenyewe. Huo ni wizi, na hatumtetei. Lakini aliyemfanya punda asishangae akipigwa teke.

Hapa tutajibiwa kwa maneno yetu wenyewe. Tutaambiwa: „Ninyi wa Chama ndio mnaohubiri kujitolea, leo mwadai ujira?” Ni kweli, Chama hiki kimejengwa kwa kujitolea, na hatutaacha kukuhubiri. Lakini kujitolea kwetu kuna kanuni. Barabara iliyochimbwa kwa kujitolea hupitwa na wote, na zahanati iliyojengwa kwa kujitolea humtibu hata yule asiyebeba tofali. Tena huchimba wote, tajiri na maskini, kila mtu na jembe lake. Kazi ambayo aliyeshiba peke yake ndiye awezaye kuifanya bure, na ambayo faida yake humwendea yeye, si kujitolea. Hiyo ni ada ya kiingilio iliyofichwa.

Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, kila utafiti wenye fedha, za ndani au za nje, utenge fungu la kuwalipa wanafunzi wasaidizi. Si lazima liwe kubwa. Liwe la kumwezesha kijana kuacha kibarua cha jioni bila kulala njaa.

Pili, nafasi zitangazwe kwenye ubao wa matangazo, watu wote wazione. Zisigawanywe kwa minong'ono, kwa undugu au kwa kujuana.

Tatu, msaidizi afundishwe. Aambiwe swali la utafiti, aonyeshwe hesabu, na akichangia kazi ya maana jina lake liandikwe pamoja na ya wakubwa.

Nne, wageni wanaokuja kupima watu wetu waingie na wanafunzi wetu. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mtafiti mgeni lazima apate kibali. Kenya ina tume yake chini ya sheria ya mwaka 2013. Kibali ndicho mahali pa kuweka sharti: wasaidizi wangapi wa hapa, watalipwa nini, watafundishwa nini. Nakala ya takwimu ibaki nchini, na vipimo viandikwe kwa Kiswahili kinachosemwa na watu.

Wala tusiambiwe kwamba hayo hayawezekani. Kilifi, pwani ya Kenya, pana kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989, na huko wataalamu wetu, miongoni mwao Amina Abubakar, waliunda kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa mambo ambayo watoto wa pale huyaona na kuyafanya nyumbani kwao. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Kilifi. Mwaka 1934 kilichopelekwa kupimwa kilikuwa ubongo wetu, na kipimo ni cha wengine. Siku hizi kipimo chaweza kutoka kwetu. Tofauti hiyo ililetwa na watu waliopata nafasi ya kujifunza kazi.

Nanyi vijana, msingoje mkutano mkuu. Anzeni sasa, hasa ninyi mlio mwaka wa kwanza na wa pili, maana wa mwaka wa mwisho hana muda wa kufundishwa. Tafuteni ni nani anayefanya utafiti, iwe idara ya saikolojia ya Nairobi, au ya Makerere, au idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili, au chuo chochote mlipo. Someni maandishi yake mawili au matatu kabla ya kumwandikia. Barua iwe fupi: wewe ni nani, ni kazi gani yake uliyoisoma na ni swali gani limekujia, unazo saa ngapi kwa juma, na unajua kufanya nini. Kujua Kisukuma, Kigiriama au Kiha ni ujuzi, andikeni. Kujua kusuka ni ujuzi pia. Asipojibu, ngojeni juma mbili, mwandikieni tena, kisha mwende kwa mwingine. Na siku ya kuonana msione haya kuuliza: Je, nafasi hii ina malipo? Nitajifunza nini? Nani atanisimamia kila siku?

Mkishapata, kuweni waaminifu kupita wengine. Mtu aliyekueleza huzuni yake kwa ajili ya utafiti amekuwekea amana, na siri yake haitoki mlangoni. Namba usizozipenda ziandikeni kama zilivyo. Akikataa mtu kupimwa, mwacheni aende, kwa maana babu zake hawakuulizwa.

Kwa wanachama wetu wa matawi twasema hivi. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipoanza hakikuwa na nyumba. TANU ilitoa jengo lake la mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria wakaanza kusoma humo. Watu wale hawakuuliza kama elimu ya juu ni jambo la Chama. Walisogeza meza zao wakawapisha vijana. Leo hatuombwi jengo. Twaombwa tuwaulize wabunge na madiwani wetu habari ya fungu hilo na sharti hilo la kibali, na twaombwa tusimcheke mzazi ambaye mwanawe anasoma akili za watu badala ya udaktari wa sindano.

Uhuru na Kazi. Na kazi iwe na ujira wake.